Uzi maalumu: Pampu za ombwe kwenye mepo – kufunga, kuendesha na kusaka mivujo

#1 Mgema_Vermont

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa pampu za ombwe, yaani zinazotoa hewa ndani ya mirija ili kuvuta utomvu wa mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada; utomvu huo huchemshwa kuwa shira. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza na Kifaransa, na anayeanza kazi Januari kwenye msitu wa Vermont, Maine au Quebec anakabidhiwa drili na roli la mirija kabla hajaambiwa sababu ya chochote. Tuyaweke hapa kwa lugha yetu.

Naanza na swali lenye vipimo. Matobo (tundu tunazotoboa kwenye miti) ni 640. Mteremko ni mzuri, mita 25 kutoka juu hadi kwenye tangi, isipokuwa kipande kimoja tambarare chenye matobo 120. Mirija ya tawi, inayotoka kwenye miti, ni ya inchi 5/16. Mirija mikuu, inayopokea ya tawi na kushuka hadi kwenye tangi, ni mitatu: miwili ya robo tatu inchi, mmoja wa inchi moja. Pampu ni ya zamani ya kukamulia ng'ombe, ya vibapa (vipande bapa vinavyozunguka ndani na kusukuma hewa), kibao kinasema CFM 18 kwenye inchi 15 za zebaki (kipimo cha ombwe). Lengo ni inchi 25 mwisho wa kila mrija. Inatosha? Na kipi kifungwe kwanza?

#2 FundiPampu

Mkuu, umeandika jambo ambalo wengi hulisahau: CFM 18 *kwenye inchi 15*. CFM, yaani futi za ujazo wa hewa kwa dakika, bila kutaja imepimwa kwenye ombwe gani, haikwambii kitu.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nje inasukuma kwa takriban inchi 30 za zebaki. Ukivuta ombwe la inchi 15, ndani kumebaki nusu, kwa hiyo lita moja ya hewa inayopenya kwenye kitundu hutanuka kuwa lita 2 kabla ya kufika kwenye pampu. Kwenye inchi 25 kumebaki 5 tu, na lita ile inakuwa 6. Kwenye inchi 27 kumebaki 3, inakuwa 10. Kitundu ni kilekile, ila mzigo wa pampu umepanda mara tano ukilinganisha na inchi 15.

Sasa pampu yako. Kumeza 18 kwenye inchi 15 maana yake kwa ndani inazungusha ujazo wa kama 36. Kwenye inchi 25 gawanya kwa 6: itameza 6, na vibapa vikiwa vimelika, pungufu ya hapo. Kanuni ya kazi ni futi 1 kwa kila matobo 100, wewe unahitaji kama 6.4. Uko ukingoni kabisa. Itafika 25 iwapo mirija yako haivuji. Ikivuja kidogo utakaa 20.

Halafu joto. Pampu hizi zilitengenezwa kwa kazi ya ng'ombe, karibu inchi 15, na hewa inayopita ndani ndiyo inayozipoza. Ukizibana kwenye 25, hewa inayopita ni kidogo na mgandamizo ni mkubwa. Oili inakuwa nyepesi kama maji, vibapa vinasugua, beringi zinaungua. Bila mfumo wa kurudisha na kupoza oili, weka vali ya kurekebisha ombwe na uifunge kwenye inchi 18 hadi 20. Usiivuke.

#3 Mama_Shira

FundiPampu kasema vyema. Naongeza kwa nini watu wanahangaikia inchi hizo. Kila inchi 1 ya ombwe *kwenye tobo* inaleta utomvu zaidi kwa kama asilimia 5 hadi 7. Nimeweka mkazo kwenye tobo kwa sababu geji ya kwenye pampu inapima chumba cha pampu. Ukisoma 25 kwenye pampu na 17 kwenye mti wa mwisho, mavuno yako ni ya 17.

Mgema_Vermont, usianze na pampu. Anza msituni, na uifunge mwisho kabisa.

Waya kwanza: waya mgumu wa geji 12.5 (kipimo cha unene), ukazwe kati ya miti miwili imara, uvutwe pembeni kwa waya za kando mpaka unyooke. Mteremko usipungue asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Mrija mkuu unafungwa juu ya waya huo kwa vifungo vya kila sentimita 30 hivi. Ukiacha mapengo marefu mrija unabonyea, utomvu unatuama kwenye bonde, usiku unaganda, na asubuhi bonde lile linakuwa kizibo cha barafu wakati miti ya juu imeshaanza kutoa.

Ndani ya mrija mkuu utomvu upite chini na hewa ipite juu. Ukijaa maji, ombwe halipandi mlimani. Ndiyo sababu kuongeza matobo kwenye mrija mwembamba kunapunguza mavuno ya matobo yaliyokuwepo.

Kwenye tawi la 5/16 lenga matobo 5, usizidi 10, na urefu usipite kama mita 30. Uukaze kama uzi wa gitaa. Kijimrija kinachoshuka kutoka kwenye mlizamu (kibomba kinachogongwa ndani ya tobo) hadi kwenye tii (kiungo chenye umbo la T kwenye mrija wa tawi) kiwe na sentimita 75 hadi 90, ili mwakani uweze kuzunguka mti na kutoboa mahali papya.

#4 Msomaji_Mpya

Samahani wakuu, nauliza kama mtu wa Pwani. Mgema wa mnazi anakata karara na kusubiri tembo lidondoke lenyewe. Huku mnavuta kwa mashine. Huo mti haufi?

#5 Mama_Shira

Swali zuri, ndugu. Mepo haivutwi kama kinywaji kwenye mrija wa soda. Usiku ukiganda na mchana ukayeyuka, nyuzi 4 hadi 7 hivi, ndani ya mti kunazaliwa msukumo unaosukuma utomvu nje kupitia jeraha lolote. Pampu inapunguza msukumo wa upande wa nje tu, kwa hiyo tofauti kati ya ndani na nje inakua, na mti unaendelea kutoa hata saa ambazo msukumo wake wenyewe umekwisha. Kituo cha utafiti wa mepo cha Proctor, cha Chuo Kikuu cha Vermont, kilipima ombwe la juu na hakikukuta jeraha kubwa zaidi ndani ya mti wala sukari iliyopungua.

Kinachoumiza mti ni matobo mengi na kutoboa miti midogo. Mti wenye kipenyo chini ya sentimita 25 uache ukue.

Tobo lenyewe: biti ya 5/16 iliyo kali, mkono usiyumbe, kina cha sentimita 4 hadi 5, mwinuko kidogo ili lijichuje. Vumbi liwe jeupe. Likitoka la kahawia umegonga mti mfu, hama. Mlizamu gonga polepole na usikilize: mlio ukibadilika kutoka mwepesi kuwa mzito, acha. Pigo moja la ziada linapasua mti juu na chini ya tobo, na huo ni mvujo ambao hutauziba msimu mzima.

#6 Waya_na_Koleo

Hapo kwenye mlizamu nakazia. Watu wanaagiza pampu ya bei kubwa halafu wanarudishia milizamu ya mwaka juzi. Plastiki ya zamani ina vijidudu, tobo linajiziba mapema, na wiki za mwisho za msimu unazikosa. Mlizamu mpya kila mwaka ndiyo pesa inayorudi haraka kuliko zote. Ipo pia ya vali yenye kijipira ndani, iliyotokana na kazi ya kituo hichohicho cha Proctor, inayozuia utomvu kurudi ndani ya mti pampu inapozimwa.

#7 FundiPampu

Sasa chumba cha pampu. Mirija mikuu ikifika, kila mmoja uwe na vali yake ya kufunga na geji yake. Hili halina mjadala. Bila vali hizo hutajua ni mrija upi unavuja.

Kutoka hapo inaingia kwenye *rilisa*. Hiki ni chombo kinachopokea utomvu ndani ya ombwe na kuutoa nje bila kuliachia ombwe. Ya kimakanika ina boya: utomvu unapanda, boya linapanda, vali ya ombwe inafungwa, hewa inaingia, mlango wa chini unafunguka, utomvu unamwagika kwenye tangi, kisha mzunguko unaanza upya. Iwe juu ya tangi ili ijimwage yenyewe. Ya umeme ina pampu ya maji chini yake, na kwenye njia ya kutokea ya pampu ya maji lazima kuwe na vali ya njia moja. Vali hiyo ikishikwa na kipande cha gome, hewa inarudi nyuma na pampu inazunguka bila kutoa tone.

Baada ya rilisa, *mtego wa maji*: tangi dogo lenye boya linalofunga njia ya pampu iwapo utomvu utapita. Usiunganishe pampu bila mtego. Rilisa ikikwama imefungwa, utomvu wote unaelekea kwenye pampu, na vibapa haviwezi kugandamiza maji. Vinavunjika.

Kisha vali ya kurekebisha, kisha pampu. Bomba la hewa kati ya rilisa na pampu lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na lipunguze kona. Moshi wa pampu utolewe nje ya jengo, mbali na tangi la utomvu, kwa sababu una ukungu wa oili.

Kabla ya kufunga mkanda, washa mota yenyewe uone inageukia wapi. Mota ya fezi tatu ikigeuka kinyume, badilishana nyaya mbili. Na waya wa umeme mrefu na mwembamba unashusha volti. Mota inavuta ampea nyingi, inapata moto, inajizima saa nane mchana utomvu unapotiririka kuliko saa zote.

#8 Kazkazini_Mashariki

FundiPampu, sikubaliani na kumfunga mwenzetu kwenye vibapa. Kwa matobo 640 na lengo la 25, aangalie pampu ya pete ya maji (inayobana hewa kwa maji yanayozunguka ndani yake) au ya kucha (yenye rota mbili zenye umbo la kucha).

#9 FundiPampu

Sipingi mkuu, tofauti ni mfuko na uangalizi. Ya kucha ni safi: kucha hazigusani, hakuna oili inayopita kwenye hewa, inafika ombwe la juu bila shida. Ila bei yake si ya matobo 640 kwa wengi.

Ya pete ya maji ni imara, na utomvu kidogo ukiingia haifi. Adui yake ni joto la maji yake yenyewe. Maji ya nyuzi 15 hutoa mvuke wenye msukumo wa nusu inchi ya zebaki. Ya nyuzi 40 hutoa zaidi ya inchi 2. Mvuke huo unachukua nafasi ya hewa, na ombwe linashuka kwa kiasi hicho na zaidi. Ukisikia sauti ya kokoto ndani ya pampu, maji yamepata moto au umeibana kupita kiasi. Weka tangi kubwa la maji ya mzunguko au radieta. Na usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri, maji yakibaki ndani gamba linapasuka. Fungua vizibo vya chini, umwage yote.

#10 Mgema_Vermont

Nimewaelewa. Tutaanza na pampu iliyopo kwenye inchi 19, tupime. Sasa kile kipande tambarare?

#11 Waya_na_Koleo

Theluji ndiyo msaada wako. Mwisho wa mbali anza mrija mkuu juu mtini, mita 2 na nusu, na uteremke kwa asilimia 2. Kwenye mita 100 umeshuka mita 2, bado uko nusu mita juu ya ardhi. Matobo ya upande wa juu yatobolewe juu zaidi ili tawi lipate mteremko wake; kanyagia theluji au tumia ngazi.

Kama pamoja na hayo utomvu unajaa, funga mirija miwili: wa chini kwa utomvu, wa juu kwa hewa, iungane kila baada ya umbali fulani. Kupandisha utomvu kwa ngazi ya mirija inawezekana pia, lakini inakula ombwe la miti yote iliyo nyuma yake. Iwe njia ya mwisho.

#12 Mlima_Mkali

Na mwenye matobo 90 tu, mlima mkali, hana umeme?

#13 Mama_Shira

Huyo asinunue pampu kubwa kama gari la moshi. Mrija wa 3/16 ya inchi badala ya 5/16. Ni mwembamba kiasi kwamba utomvu na hewa haviwezi kupishana ndani yake. Safu ya utomvu inashuka kama kamba, na uzito wake unavuta ombwe huko juu. Kila mita 1 ya kushuka *chini ya tobo la chini kabisa* inatoa kama inchi 2.9 za zebaki. Mita 9 zinakupa kama 26. Bure.

Ubaya wake: unaziba. Ute wa vijidudu unashika kwenye tundu za tii, na mwaka wa pili au wa tatu mavuno yanaporomoka bila kuona mvujo wowote. Uoshe kila msimu unapoisha, na tii zibadilishwe mara kwa mara. Ukikosa mteremko, pampu ndogo ya diaframu ya volti 12 na betri inasaidia, ila iwekee chujio kwenye njia ya kuingilia na kijimrija cha kurudisha utomvu kidogo mdomoni mwake ili isizunguke kavu.

#14 Kazkazini_Mashariki

Tuje kwenye kazi yenyewe, mivujo. Pampu ikishafungwa, kazi ya msimu ni kutembea.

Anza chumbani. Funga vali za mirija yote na usome geji: hiyo ndiyo nguvu ya pampu na rilisa pekee. Haifiki unapotaka? Shida iko ndani ya chumba, usitoke. Inafika? Fungua mrija mmoja, subiri itulie, andika. Funga, fungua wa pili. Unaoshusha geji zaidi ndio wa kutembelewa kwanza.

Msituni tazama mapovu ndani ya mrija wa tawi. Tawi lisilovuja linaonyesha utomvu unaojongea taratibu, vipande vya hewa na maji kwa mpangilio. Lenye mvujo linaonyesha mapovu yanayokimbia. Fuata mapovu kwenda juu, mti kwa mti. Pale ambapo chini yanakimbia na juu yametulia, mvujo uko katikati. Sikiliza pia, kitundu cha jino la kindi kinapiga mluzi.

Makosa ya kawaida ni kindi, tawi lililoanguka, tii iliyochomoka baridi ilipobana plastiki, mlizamu uliolegea, na sadoli (kiungo kinachobana tawi kwenye mrija mkuu) ambayo tundu lake halikukatwa safi. Nendeni siku yenye mtiririko. Siku ya barafu mapovu hayaonekani.

Na msikimbilie kulaumu mivujo kila geji ikishuka. Siku ya mvua na dhoruba hewa yenyewe ni nyepesi, na kila mita 300 za mwinuko zinaondoa kama inchi 1. Mahali pa mita 600 huwezi kusoma 29 hata kwa pampu mpya.

#15 Mgema_Vermont

Usiku je? Bosi mmoja anazima pampu jua likizama, mwingine anaiacha mpaka asubuhi.

#16 FundiPampu

Anayezima mapema anapoteza. Mti unapoanza kupoa unavuta utomvu kurudi ndani, pamoja na vijidudu vya kwenye mrija. Acha pampu ifanye kazi mpaka mirija igande kabisa, ndipo uzime. Tumia themostati: iwake hewa ikifika nusu hadi nyuzi 1 juu ya sifuri, izime ikishuka nyuzi 2 au 3 chini. Kihisi kiwekwe msituni kivulini, kisiwe kwenye ukuta unaopigwa na jua. Siku ambazo usiku haugandi, usizime kabisa.

#17 Waya_na_Koleo

Asubuhi kabla ya kuwasha, hakikisha rilisa haina barafu. Boya lililoganda ndilo chanzo cha pampu nyingi kulewa utomvu. Taa ya joto au kihita kidogo chumbani kinatosha. Na pampu ya vibapa ikishalewa, usiiache ikauke: zima, mwaga, zungusha kwa mkono, mimina mafuta ya taa kidogo mdomoni, kisha oili, halafu iendeshe dakika 10 hadi 15 mdomo ukiwa wazi. Kutu inaanza siku hiyohiyo.

#18 Mgema_Vermont

Taarifa, wakuu. Vali zote zikifungwa: 19, kama vali ya kurekebisha ilivyowekwa. Mrija A ukifunguliwa: 18.5. B: 18.5. C, ule wa tambarare: 14. Mwisho wa C msituni: 11.

#19 Kazkazini_Mashariki

A na B waache. C una mambo mawili. Kushuka kutoka 19 hadi 14 chumbani ni hewa inayoingia, kwa hiyo kuna mvujo mkubwa au kadhaa. Tofauti ya 14 na 11 ndani ya mrija wenyewe ni hewa hiyo ikibanana na maji yanayotuama. Ziba mivujo kwanza, kisha pima tena mwisho wa mrija. Ikibaki pungufu kwa zaidi ya inchi 1 au 2, tafuta bonde kwa levo ya kamba, mita kumi kumi.

#20 Mama_Shira

Na usiseme "nitaifanya kesho". Kutoka 11 hadi 19 ni inchi 8 kwa matobo 120. Kwa utomvu wa sukari asilimia 2 unahitaji lita 43 kupata lita 1 ya shira, na utomvu wa leo haurudi wiki ijayo.

#21 Mgema_Vermont

Sadoli moja ilikuwa imekaa upande, na matawi mawili yalitafunwa na kindi. C sasa: 18.5 chumbani, 17.5 mwisho. Swali la mwisho: msimu ukiisha?

#22 Waya_na_Koleo

Vichipukizi vikivimba, utomvu unabadilika ladha na shira yake haipendezi. Ng'oa milizamu pampu ikiwa inawaka, ukianza na mti wa mbali zaidi. Hewa inayoingia inasukuma utomvu wote hadi kwenye rilisa na mirija inabaki karibu kavu. Chomeka kila kijimrija kwenye pini ya tii yake ili wadudu wasiingie. Ukiosha kwa dawa ya klorini yenye sodiamu, suuza vizuri sana, kwa sababu chumvi inayobaki ndiyo inayomwita kindi kutafuna.

#23 FundiPampu

Pampu ya vibapa: iendeshe mdomo wazi mpaka ipate moto na unyevu utoke, mimina oili mpya mdomoni ikiwa inazunguka, zima, ziba mdomo na bomba la moshi kwa vizibo. Legeza mkanda. Mwezi mmoja mmoja izungushe kwa mkono mizunguko michache ili vibapa visigande kwenye nafasi zao. Kabla ya Januari vitoe, upime upana wa kila kimoja dhidi ya kipya, na uagize mapema.